Ziwa Lilipoondoka Ujiji

Mpwa wangu alisimama mbele ya mnara wa mawe katika makumbusho ya Ujiji, akaitazama ramani ya Afrika iliyochongwa pamoja na alama ya msalaba, akayasoma maandishi hadi mwisho, kisha akageuka kulitafuta ziwa. Hakuliona. Mbele yake palikuwa na ua uliofagiliwa vizuri, miembe mikubwa na, kwa mbali, mapaa ya nyumba za watu. Amelelewa Dar es Salaam, na kisa cha mwandishi wa habari Stanley kumkuta mmisionari Livingstone alikisoma shuleni kama sote tulivyokisoma, ila akilini mwake kisa hicho kilikuwa kimetokea ufukweni kabisa, mahali ambapo mtu akipiga hatua mbili anakanyaga maji.

Alimwuliza mwenyeji wetu maji yako wapi. Akaonyeshwa kwa mkono, kule nyuma ya nyumba. Akauliza kama mwembe uliopo ndio ule uliowatilia kivuli wazee wale. Akajibiwa kwa uaminifu kwamba mwembe wa awali ulikufa zamani, na hii tunayoiona inaelezwa kuwa imetokana na vipandikizi vyake.

"Sasa mjomba," akaniambia tulipokuwa tukitoka, "kama ziwa limehama na mti si ule, hapa ndipo penyewe kweli?"

Nilimjibu kwamba ndipo. Hakubisha, maana ni kijana mwenye adabu, lakini niliona wazi kwamba jibu langu halikumtosha.

Tangu siku hiyo halijanitosha mimi pia.

## Maji hayakukaa

Nianze na ziwa, kwa sababu ndilo lililozusha swali. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni mto Lukuga ulioko upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 njia hiyo ilikuwa imezibwa na mchanga na majani, kwa hiyo maji yaliyoingia kutoka Malagarasi, Ruzizi na vijito vya milimani hayakuwa na pa kutokea isipokuwa kwa kukaushwa na jua, na ziwa likawa linapanda. Stanley, aliyemkuta Livingstone hapa Novemba 1871, alirudi Ujiji mwaka 1876 na kukuta maji yamepanda kuliko alivyoyaacha. Mnamo 1878 hivi, uzito wa maji ulilivunja lile zibo la Lukuga, ziwa likaanza kushuka, na kabla ya karne kwisha lilikuwa limeteremka kwa takriban mita 10.

Mita 10 za kwenda chini, kwenye ardhi inayoteremka polepole kama ya Ujiji, ni mwendo mrefu wa kwenda mbele.

Maana yake ni kwamba ufuko wa 1871 haukukaa hata miaka mitano. Mtu aliyefunga mtumbwi wake siku ile, kama angerudi baada ya miaka mitano kuutafuta mti aliofungia kamba, angelazimika kuingia majini. Na kama angerudi akiwa mzee, angeukuta mti huohuo, kama bado upo, umesimama nchi kavu katikati ya mashamba. Ziwa likapanda tena kwa mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka hii ya karibuni tumeliona sote likirudi kudai nchi yake, likiingia kwenye gati na kwenye nyumba zilizojengwa karibu mno na maji.

Jambo moja nimelijua muda mrefu bila kulitilia maanani. Wavuvi wa Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma, hawasumbuliwi na hali hiyo hata kidogo. Maji yakisogea, wanasogeza vibanda, vichanja vya dagaa na mahali pa kuvutia mitumbwi, na mwalo unaendelea kuitwa jina lake lilelile. Hakuna anayeuliza kama mwalo wa mwaka huu ndio mwalo wa mwaka jana. Kwao mwalo ni pale maji yanapokutana na watu, popote maji yatakapokuwa yameamua kuwa.

Mnara hauwezi kufanya hivyo. Mnara ukishachimbiwa msingi umechagua sehemu moja, na sehemu hiyo inalazimika kubeba peke yake kitu ambacho hapo zamani kilikuwa kimetapakaa mji mzima: soko, baraza za nyumba, njia ya kutoka Tabora, ufuko, na umati wa watu waliokuja kuona kuna nini. Anayesoma habari za siku ile anajua kwamba Susi, mtumishi wa Livingstone, alitoka mbio kumpokea mgeni kabla bwana wake hajasimama. Susi huyo, pamoja na Chuma na wenzao, ndio waliobeba maiti ya Livingstone kutoka alikofia mwaka 1873 hadi Bagamoyo. Hata hivyo watu wakiulizwa Ujiji ni nini, wanataja majina mawili tu, na yote mawili ni ya watu waliokuwa wapita njia.

Hilo linanichoma zaidi ya kuhama kwa ziwa.

## Palipo na chumvi

Kwa siku kadhaa nilijaribu kuamini kwamba kiini cha mahali hakiko kwenye ardhi hata kidogo. Lilikuwa wazo la kupendeza, hadi nilipokumbuka Uvinza.

Uvinza iko kwenye njia ya reli, kabla hujafika Kigoma ukitokea Tabora, pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Chini ya ardhi yake kuna chemchemi za maji ya chumvi, na uchunguzi wa mambo ya kale umeonyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji hayo kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Watawala wamebadilika, lugha zimebadilika, vyungu vimekuwa matangi, kuni zimepata washindani, na bado chumvi inatoka palepale. Misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikisimama hapo kununua. Watu wa Buha na wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wakiijua chumvi ya Uvinza kabla hawajamjua mgeni yeyote wa pwani.

Pale ardhi ndiyo yenye neno. Huwezi kuisogeza Uvinza kilomita 20 na kuendelea kuiita Uvinza kwa moyo mweupe, kwa sababu huko utakakoipeleka maji ya chini hayana chumvi.

Kwa hiyo mahali pengine hushikwa na kitu kilichomo chini. Lakini Ujiji haina chemchemi ya aina hiyo. Samaki wako ziwa zima, michikichi inastawi kote Kigoma vijijini, na pwani za kuegesha mitumbwi ziko nyingi. Kilichoifanya Ujiji kuwa Ujiji ni kwamba njia ndefu ya kutoka Bagamoyo, iliyokatiza Ugogo na Unyanyembe ya Tabora, iliamua kufikia hapa, na mitumbwi ya kwenda Manyema, ng'ambo ya Kongo, ikaamua kuondokea hapa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipowasili Februari 1858 waliukuta mji tayari una soko na tayari una wageni. Ilikuwa njia iliyokutana na njia nyingine.

Na tuseme kweli yote: njiani humo walipita watu waliofungwa minyororo. Pembe za ndovu hazikubebwa peke yake. Anayetafuta kiini cha Ujiji akakiacha kipande hicho nje, kwa sababu kinaumiza au kwa sababu kinawakera wageni, anatafuta mji mwingine ambao haujawahi kuwepo.

## Kazi ilipohamia Kigoma

Basi nikasema, labda mahali ni kazi yake. Ujiji ilikuwa lango, iitwe lango. Jibu hili nililipenda kuliko la kwanza, kwa sababu lilieleza kwa nini wavuvi hawasumbuki ufuko ukisogea: kazi haikubadilika.

Lakini kazi ya Ujiji ilichukuliwa, tena mchana kweupe. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani, baada ya kufika Tabora mwaka 1912, iliendelea magharibi, na mwaka 1914 ikafika ziwani. Haikufika Ujiji. Ilifika Kigoma, kilomita chache kaskazini, kwenye ghuba yenye kina na iliyokingwa dhidi ya mawimbi, ambako meli kubwa ingeweza kusogea hadi gatini. Stesheni kubwa ikajengwa, bandari ikajengwa, maofisi yakafuata. Tangu hapo anayesema "mwisho wa reli" anaitaja Kigoma. Sasa reli ya kisasa inajengwa kuja huku, na tawi jingine limepangwa kuchepuka Uvinza kuelekea Musongati, Burundi, kwa hiyo hata sifa hiyo ya Kigoma huenda ikalazimika kugawanywa na wengine.

Kama mahali ni kazi, Ujiji ingekufa mwaka 1914, na jina lake lingehamia ghubani pamoja na mizigo. Halikuhama. Mtu wa Ujiji akipanda daladala kwenda mjini Kigoma anasema anakwenda Kigoma, na jioni anasema anarudi Ujiji, ingawa kiserikali yuko ndani ya manispaa moja, Kigoma-Ujiji, tangu anatoka hadi anarudi. Ndoa zina utaratibu wa Ujiji. Maulidi yana namna ya Ujiji. Kiswahili chenyewe kina mwendo wake, wa mji uliokaa na lugha ya pwani kwa vizazi vingi huku ukizungukwa na Kiha.

Nilipofika hapo nilikwama kabisa, na makala haya yakalala kwenye daftari.

## Meli ambayo hakuna aliyeitilia shaka

Kilichonikwamua ni meli.

MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku na kuletwa hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, baada ya kuzipaka injini zake grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ilitolewa, ikawekwa ya dizeli. Imekuwa meli ya vita, meli ya abiria, meli ya mananasi na dagaa. Na Mei 2015, maelfu ya Warundi walipokuwa wamekwama katika kijiji cha Kagunga, ndiyo iliyokwenda na kurudi kuwaleta Kigoma.

Imebadilishwa jina, mmiliki, moyo na kazi. Wala sijapata kumsikia mtu wa mwambao huu, kuanzia Kagunga hadi Kasanga, akiuliza kama Liemba ni meli ileile.

Kwa nini meli inasamehewa mabadiliko yote hayo, na ua wa makumbusho unaulizwa maswali kwa sababu ya mwembe mmoja? Nililizungusha swali hili kichwani muda mrefu. Naona tofauti iko hapa: Liemba haikuwahi kukosa watu wa kuisimulia mfululizo. Aliyesafiri nayo akiwa mgongoni mwa mama yake amempakia mwanawe, na mwana anajua ni usiku gani injini ilizimika karibu na milima ya Mahale na nani aliimba hadi asubuhi. Hakukuwa na kizazi kilichoipokea kama kitu cha kuelezwa kwa maandishi. Ua ule wa Ujiji, kinyume chake, tuliupokea kama jibu la mtihani. Tulijua mwaka, tulijua majina mawili, na hapakuwa na mtu wa kwetu ndani yake.

Mpwa wangu aliuliza kwa sababu hakuna aliyekuwa amempa uhusiano mwingine wowote na mahali pale isipokuwa ule wa kupahakiki.

## Swali hilohilo likielekezwa kwa mtu

Hapa ndipo jambo hili lilipoacha kuwa la miti na maji.

Mtu wa Kigoma aliyesafiri nje ya mkoa anajua ninachotaka kusema. Anataja alikotoka, anayekusikiliza anatulia kidogo, kisha: "Kigoma kweli, au umevuka mpaka?" Nimewahi kusimama mbele ya dawati la ofisi moja, mbali na nyumbani, nikaulizwa jina la babu, kijiji cha babu na lugha ya babu, wakati mwenzangu wa mkoa mwingine aliyekuwa mbele yangu aliulizwa jina lake tu na kuruhusiwa kupita. Sikupiga kelele. Nilijibu yote. Lakini nilitoka pale nikihisi kwamba mimi ndiye mwembe, na kwamba kuna mtu ameamua kuuchunguza mzizi wangu kabla hajakubali kivuli changu.

Hapa ndipo penyewe kweli? Wewe ndiye wa hapa kweli? Ni swali moja.

Na kwa Ujiji, swali hilo halina jibu la kumfurahisha anayetaka usafi. Wajiji walikuwepo, ndugu wa Waha, wakilima na kuvua. Wakaja watu wa pwani na Waarabu, na Mwinyi Heri akawa mkubwa wa mji. Wakaja wapagazi wa Kinyamwezi waliochoka na safari wakaoa hapa. Wakaja Wamanyema kutoka ng'ambo, wengine kwa biashara, wengine kama askari wa misafara, na wengi mno kwa kuchukuliwa. Wakaja Wabwari na Wabembe na mitumbwi yao. Ukiwaondoa wote waliokuja, ukabakiza waliokuwepo tangu mwanzo tu, utapata kijiji kizuri kando ya ziwa, lakini hutapata Ujiji. Wale wanaodhaniwa kuuchanganya mji ndio walioufanya.

Hili si jambo la kuonea haya, na nimechoka kuona watu wetu wakilieleza kwa sauti ya chini.

Nilimpelekea swali la mpwa wangu mzee mmoja wa Ujiji, jamaa wa upande wa wakwe zangu. Nilimwamkia, tukazungumza habari za mvua na bei ya mawese, kisha nikamwuliza: kama ziwa limeondoka, mti umekufa, bandari imekwenda Kigoma na watu wenyewe wametoka kila upande, Ujiji yenyewe ni ipi? Hakunijibu upesi. Alisema baba wa babu yake aliletwa kutoka ng'ambo akiwa mtoto, wala hakuletwa kwa hiari yake. Kisha akaniambia twende, akanipeleka kwenye makaburi, akaanza kutaja: huyu fulani, huyu mkewe, huyu mgeni aliyefia njiani, huyu hatukumjua kwao lakini tulimzika sisi.

"Hawa wasio na mtu," akasema, "nani atawasafishia kama si sisi wa hapa?"

Sikuwa nimetarajia jibu la aina hiyo. Yeye hakuutafuta uenyeji wake alikotoka baba wa babu yake, wala kwenye ukoo uliotangulia kufika. Aliuweka kwenye jukumu: wa hapa ni yule anayewajibika kwa pa hapa, pamoja na wafu ambao si wake. Nilijaribu kulipinga, kwa sababu nilitaka kujua kama linasimama. Nilijiuliza, je, mgeni aliyefika jana, asiye na kaburi lolote la kulisafisha, atakuwa wa wapi? Lakini yule mtoto aliyeletwa kutoka ng'ambo naye hakuwa na kaburi hata moja siku aliposhushwa kwenye mtumbwi. Alianza na ya wengine.

Jibu hili lina upungufu wake, nami naliona. Haliwezi kumsaidia mtu anayesimama mbele ya dawati akidaiwa karatasi, na haliondoi haki ya nchi kujua raia wake. Pia Uvinza inabaki pale, na chumvi yake, kunikumbusha kwamba ardhi nayo ina neno mahali pengine. Lakini kwa mji kama Ujiji, sijapata jibu linalobeba zaidi ya hili, maana ndilo pekee linaloeleza kwa nini jina halikufuata reli.

## Ninachoomba kiongezwe

Mnara ubaki. Mtu anayetoka mbali anahitaji mahali pa kusimama, na historia ya mwaka 1871 ni yetu pia. Ila ningependa pembeni yake iwekwe ramani kubwa ya mji inayoonyesha ufuko ulikokuwa wakati wa 1871, ulikofika maji yalipopanda miaka ile ya 1870, ulikoshukia baada ya Lukuga kufunguka, na uliko sasa, ili mtoto wa shule auone mji ukiufuata mstari wa maji. Jina la Susi liandikwe kwa herufi za ukubwa uleule wa hayo mengine mawili. Na njia waliyopitishwa waliofungwa ichorwe, kutoka ufukoni hadi ilikoshika njia ya Unyanyembe, bila kupambwa.

Kazi nyingine haihitaji fedha ya mtu yeyote. Mialo ya zamani ya Ujiji ilikuwa na majina, na baadhi ya majina hayo sasa yako nchi kavu, katikati ya mitaa, vinywani mwa wazee wachache. Nimeanza kuyaandika pamoja na yule mzee: jina la mwalo, ukoo uliokuwa ukivutia mitumbwi hapo, na nyumba iliyosimama hapo leo. Mpwa wangu ameomba awe mchoraji wa ramani, na atakuja likizo ijayo. Msomaji wa Ujiji, Kibirizi, Bangwe au Katonga mwenye bibi au babu anayeyakumbuka majina hayo, amkalishe barazani na kumwuliza, kisha aniandikie, nami nitaweka kila jina pamoja na la aliyelitaja.